Mlango wa Watu Wawili: Historia ya Nyumba za Kupanga Ongata Rongai

Ongata Rongai, mji ulio kaskazini mwa Kaunti ya Kajiado, ng'ambo ya mto Mbagathi na takriban kilomita 20 kutoka katikati ya Nairobi, ni mahali ambapo kwa zaidi ya miaka thelathini wanandoa wachanga wanaojiandaa kuanza masomo ya uzamili au uzamivu katika vyuo vya Lang'ata, Karen na Barabara ya Magadi wamekuwa wakija kutafuta nyumba yao ya kwanza ya kupanga. Utafutaji huo hufanyika kwa kawaida katika majuma machache kabla ya muhula kufunguliwa, huku mmoja wao akiwa ameacha kazi kwa ajili ya masomo na mwenzake akiwa bado hajapata ajira karibu na mji mkuu, na kwa hiyo wanaoufanya huuona kuwa shida ya wiki mbili tatu, ambayo ikishatatuliwa husahaulika. Hata hivyo, karibu kila swali ambalo wanandoa hao humwuliza mwenye nyumba, kuanzia la maji hadi la amana, lina asili yake katika maamuzi yaliyofanywa tangu mwanzo wa karne ya 20 kuhusu nani angeruhusiwa kukaa Nairobi pamoja na mke wake, na kuhusu malisho ya Wamaasai yangeishia mikononi mwa nani.

Kabla ya ardhi ya eneo hilo kukatwa viwanja, mume na mke hawakutafuta nyumba, kwa kuwa nyumba ilijengwa na mke. Miongoni mwa Wamaasai, enkaji, yaani nyumba fupi iliyosukwa kwa fito na kukandikwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, ilikuwa kazi ya mwanamke aliyeolewa na ilihesabiwa kuwa yake. Bi harusi alipofika katika enkang', ambalo ni boma la familia kadhaa lililozungushiwa ua wa miiba, alikaa kwanza kwa mama mkwe wake, kisha akajenga ya kwake kwa msaada wa wanawake wenzake wa boma. Mwanamume, hata angekuwa na ng'ombe wengi kiasi gani, alilala katika nyumba za wake zake. Utaratibu huu unastahili kukumbukwa kila historia ya makazi ya Kajiado inapoandikwa, kwa sababu nyumba za kupanga zilizokuja baadaye ziliugeuza juu chini: mkataba wa upangaji ukaandikwa kwa jina la mume, na mke, ambaye katika ardhi hiyo hiyo alikuwa mjenzi na mwenye nyumba, akawa mtu aliyetajwa kama anayeishi na mpangaji.

Mageuzi ya ardhi yenyewe yalianza kwa mikataba miwili. Kwa mkataba wa mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika sehemu bora za Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, moja ikiwa Laikipia na nyingine kusini ya reli. Kwa mkataba wa mwaka 1911 wale wa Laikipia nao wakahamishiwa kusini, na kesi waliyoifungua kuupinga uhamisho huo, iliyojulikana kwa jina la Ole Njogo, ilitupwa na mahakama mwaka 1913. Hifadhi hiyo ya kusini ndiyo iliyozaa wilaya za Narok na Kajiado. Rongai ilikuwa kwenye ukingo wake wa kaskazini, mahali ambapo hifadhi ilikaribiana na mashamba ya walowezi wa Karen na Lang'ata, na tangu Desemba 1946 ilipakana pia na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini haukuwekewa uzio ili wanyama waweze kutoka kwenda malishoni wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi.

Upande wa pili wa mto, jiji lilikuwa likijengwa kwa ajili ya mwanamume asiye na mke. Nairobi ya kikoloni ilimtaka Mwafrika kama nguvukazi ya muda, mtu ambaye angefanya kazi kwa miezi kadhaa na kurudi kwao, na kwa hiyo sheria za ajira zilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali pa kulala au posho ya nyumba, lakini zilikuwa zikimfikiria mfanyakazi mmoja, wala hazikumfikiria mke wala watoto. Katika baadhi ya mitaa ya manispaa kilichokodishwa hakikuwa hata chumba. Kilikuwa nafasi ya kitanda katika chumba cha watu kadhaa, na mwanamke aliyemtembelea mumewe humo aliweza kufukuzwa na askari kana kwamba ni mhalifu. Mtaa wa Pumwani, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndio uliotoa njia nyingine: huko wenye nyumba, wengi wao wakiwa wanawake, walijenga nyumba za Kiswahili, yaani zenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, wakapangisha kila chumba peke yake, na mpangaji akaweza kufunga mlango wake akiwa na yeyote aliyemtaka. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa michache ya manispaa iliyokusudiwa familia, na ni mwaka 1954 tu ambapo Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilipendekeza kwamba mshahara wa mjini utoshe kumlisha mfanyakazi pamoja na familia yake.

Pendekezo hilo lilichelewa mno. Kufikia uhuru, Nairobi ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba za familia za bei nafuu, na mipaka mipya ya jiji, iliyopanuliwa mwaka 1963 ikaziingiza Karen na Lang'ata, haikulitatua tatizo hilo katika upande wa kusini-magharibi, kwa sababu kanuni za ujenzi za huko ziliendelea kudai viwanja vikubwa, vyenye nyumba moja katikati ya bustani. Mtu wa kipato kidogo aliyetaka kuishi karibu na Lang'ata hakuwa na chumba cha kupanga humo. Lakini mamlaka ya jiji iliishia Mbagathi. Ng'ambo ya mto palikuwa na Baraza la Kaunti ya Ol Kejuado, lenye wahandisi wachache na eneo kubwa ajabu la kusimamia, hadi mpaka wa Tanzania, na katika eneo hilo mtu aliyekuwa na kiwanja aliweza kujenga safu ya vyumba, na mwaka uliofuata akaongeza safu ya pili, bila kuulizwa maswali mengi. Kama kuna sababu moja inayoieleza Rongai kuliko nyingine zote, ni hiyo ya mpaka: nyumba ambazo jiji lilizikataza upande mmoja wa mto zilijengwa upande wa pili, na wakazi wake wakaendelea kufanya kazi na kusoma jijini.

Sheria mbili za mwaka 1968, ile ya ardhi ya wawakilishi wa vikundi na ile ya uamuzi wa haki za ardhi, ziliifanya ardhi ya Kajiado iweze kuandikishwa. Sehemu kubwa ya wilaya iliandikishwa kama ranchi za vikundi, yaani mashamba ya mifugo yanayomilikiwa kwa pamoja na wanachama waliosajiliwa, lakini maeneo ya kaskazini yaliyokuwa karibu na Ngong na Nairobi yalimilikishwa mapema kwa watu binafsi, na hati ya mtu binafsi ni kitu kinachoweza kuuzwa kipande kipande. Kipimo kilichokuja kutawala soko kilikuwa ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo wauzaji huihesabu kuwa moja ya nane ya ekari. Mwalimu, askari polisi, karani au mwuguzi wa Nairobi, ambaye hangeweza kamwe kununua ardhi Lang'ata, aliweza kununua ploti moja Rongai kwa mkopo wa chama cha ushirika cha akiba na mikopo, na kwa kuwa ploti hiyo ilikuwa ndiyo pensheni yake, aliijaza vyumba vya kupangisha.

Miongoni mwa wapangaji wa mwanzo walikuwa wachimba mawe. Mtaa wa Kware, ambao hadi leo ni kati ya mitaa yenye watu wengi zaidi mjini humo, ulipata jina lake kutokana na machimbo ya mawe ya kujengea, na watu waliochonga mawe hayo walihitaji mahali pa kulala karibu na kazi. Nyumba waliyopangishwa ndiyo inayoitwa ploti hadi leo, neno ambalo lilitoka kwenye kiwanja na kuhamia kwenye jengo lenyewe: safu mbili za vyumba vya mawe au mabati zinazotazamana, ua wa saruji katikati, bomba moja la maji, kamba za kuanikia nguo, na mwishoni mwa ua vyoo viwili na bafu ambavyo wapangaji wote huvitumia kwa zamu. Chumba kimoja kilikuwa sebule mchana, jiko jioni na chumba cha kulala usiku, kikitenganishwa kwa pazia la kitambaa lililoning'inizwa kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta. Yeyote aliyewahi kuiona nyumba ya Pumwani angeitambua ploti ya Rongai: ukumbi wa katikati umepasuliwa paa na kuwa ua, lakini kanuni ya mlango mmoja kwa mpangaji mmoja imebaki ile ile.

Vyuo vilikuja baadaye, na tofauti kati ya vyuo hivyo ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya wanandoa wanafunzi walilazimika kuvuka mto na wengine hawakulazimika. Mwaka 1983 Shule ya Kiinjili ya Uzamili ya Theolojia ya Nairobi ilifunguliwa Karen kwa ajili ya kuwafunza wachungaji na walimu wa makanisa ya kiinjili kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Wanafunzi wake wengi walikuwa watu wazima wenye wake, waume na watoto, na kwa hiyo chuo hicho, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Afrika cha Kimataifa, kilijenga nyumba za familia ndani ya uwanja wake. Mwaka uliofuata, 1984, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walifungua Lang'ata taasisi ya juu iliyotoa kwanza shahada ya uzamili ya theolojia, na ambayo ilipata hati ya chuo kikuu mwaka 1992 ikaitwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa hasa mapadre na watawa, ambao mashirika yao yaliwapa makazi, na hapakuwa na sababu ya kufikiria chumba cha mume na mke. Chuo hicho kilipofungua milango kwa walei katika elimu, biashara, sheria na sayansi, wanafunzi wenye ndoa walikuja kwenye taasisi ambayo mpango wake wa makazi ulikuwa umeanza bila wao.

Kisha vyuo vyenyewe vikaanza kufunguliwa ng'ambo ya mto au karibu nao. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kilianza masomo mwaka 1994 ndani ya eneo la Ongata Rongai, karibu na ukingo wa mbuga, na kupata hati yake mwaka 2002. Chuo cha mafunzo ya mawasiliano kilichokuwa Mbagathi, kando ya Barabara ya Magadi, kikawa Chuo Kikuu cha Multimedia mwaka 2013. Na Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2005 na kupata hati mwaka 2013, kilijengwa kwenye kilima cha Advent, Rongai, kikiwa chuo kinachotoa shahada za uzamili na uzamivu pekee. Si jambo la kawaida kwa mji wa ukubwa huo, ambao miaka michache nyuma ulijulikana kwa mawe na mbuzi, kuwa makao ya chuo kizima kisicho na mwanafunzi hata mmoja wa shahada ya kwanza. Wanafunzi wa aina hiyo wana umri wa kuwa na familia, na hata pale chuo kinapokuwa na nyumba kadhaa za familia, huwa hazitoshi.

Sababu nyingine ilitoka Nairobi kwenyewe. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulifikisha wanafunzi wake wa kwanza vyuo vikuu mwaka 1990, na mabweni ambayo tayari yalikuwa yamejaa yakafurika. Mwaka 1991 serikali ikaanza kuondoa ruzuku ya chakula na malazi, na chumba cha mwanafunzi kikawa jukumu la mwanafunzi. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia, ambao ulikuwa na madarasa ya jioni na ya mwisho wa wiki, na kwa mpango huo mwajiriwa wa ofisini aliweza kusoma uzamili bila kuacha kazi. Mabweni, kwa muundo wake, yalikuwa ya wavulana upande mmoja na wasichana upande mwingine, na hakuna mwanamume wa miaka thelathini na mkewe walioweza kukaa humo pamoja. Mwanafunzi huyo wa jioni alihitaji nyumba ya bei nafuu iliyo kwenye njia ya matatu inayofanya kazi hadi usiku, na hapo ndipo Rongai ilipokuwa na jibu ambalo mitaa mingine ya bei hiyo haikuwa nalo. Matatu, yaani magari madogo ya abiria ya watu binafsi, zilihalalishwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973, na zile za namba 125, zinazopita Barabara ya Lang'ata na kuingia Barabara ya Magadi, zilikuja kuwa maarufu nchini kote kwa rangi, muziki na kasi zao. Wengi wamezilaumu, na lawama zao zina msingi, lakini ni kwa magari hayo kwamba mke aliyetoka darasani saa mbili na nusu usiku alifika nyumbani. Stesheni ya reli mpya iliyofunguliwa Ongata Rongai mwaka 2019 haijachukua nafasi yao.

Utafutaji wenyewe ulifuata desturi ambazo zimebadilika kidogo tu. Wanandoa walishuka kwenye stendi kuu asubuhi ya Jumamosi, wakaanza kusoma vibao vya vipande vya mbao au mabati vilivyofungwa kwenye mageti kwa waya, vikiwa na maandishi ya rangi ya mafuta yanayotangaza nyumba tupu na namba ya simu ya mtunzaji, ambaye wapangaji humwita keateka. Yeye ndiye mlango wa mwenye nyumba: hukaa katika chumba cha chini kabisa karibu na geti, hushika funguo, hukusanya kodi, huamua nani aonyeshwe chumba kizuri na nani aonyeshwe kile kinachopakana na choo. Baada ya miaka ya 2000 ploti za safu mbili zilianza kubomolewa na kupisha maghorofa ya mawe, na pamoja nayo ukaja msamiati mpya. Singo rumu ni chumba kimoja chenye choo cha pamoja. Bedsita ni chumba kimoja chenye choo, bafu na kona ya jiko ndani yake. Na nyumba ya chumba kimoja cha kulala huwa na sebule ya peke yake. Kwa wanandoa ambao mmoja wao angesoma hadi usiku wa manane, tofauti kati ya bedsita na nyumba yenye sebule ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya bei yake, kwa kuwa katika bedsita taa ya anayesoma huwaka juu ya kitanda cha anayelala.

Aliyezoea eneo hilo hakuanza kwa kutazama rangi ya ukuta. Alifungua bomba la jikoni, kisha la bafuni, akasikiliza kama hewa ilitangulia maji. Akapanda hadi juu ya ghorofa, kama keateka alimruhusu, akagonga tangi jeusi la plastiki kwa kidole ili ajue limejaa kiasi gani. Akachungulia nyuma ya milango ya majirani kuona kama kuna madumu ya lita 20 yaliyopangwa, maana jirani mwenye madumu manane nyuma ya mlango ni ushahidi ambao hakuna mwenye nyumba anayeweza kuukanusha. Maji ndiyo swali kubwa la Rongai. Kampuni ya maji ya Oloolaiser, inayohudumia Ngong, Kiserian na Rongai, haijawahi kwenda sambamba na mji unaokua kwa kasi, na majengo mengi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa na watu binafsi, ambavyo maji yake katika sehemu nyingi za Kajiado yana chumvi na floraidi nyingi, na floraidi hiyo huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Wapangaji hununua maji ya kunywa kwa mkokoteni, huoga kwa ya kisima, na kwa kuwa mji haukuwa na mfumo wa mabomba ya majitaka, harufu ya shimo la choo lililojaa na ngurumo ya lori la kulinyonya vimekuwa sehemu ya maisha ya kila ghorofa.

Baada ya maji huja stima na njia. Mpangaji huuliza kama mita ni yake, akinunua tokeni zake kwa simu, au kama ni mita moja ya jengo zima ambayo hesabu yake hugawanywa na mwenye nyumba kwa kanuni anayoijua mwenyewe; na huuliza njia ya kutoka lami hadi getini ina urefu gani, si kwa sababu ya umbali tu, bali kwa sababu udongo mweusi unaonata wa sehemu za Nkoroi, Rimpa na Tuala hugeuka tope zito wakati wa masika, na bodaboda ambayo Januari hubeba mtu kwa bei ya kawaida, Aprili hukataa kabisa kuingia. Mazungumzo yakifika kwenye fedha, kanuni ya mji imekuwa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana inayolingana na kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi amana nyingine ndogo ya maji na stima. Kwa wanafunzi, gharama hii huja katika mwezi ule ule wa kulipa karo, na wapo wengi walioacha nyumba nzuri wakachukua mbaya kwa sababu ya amana tu, ilhali kodi ya kila mwezi waliimudu. Tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, malipo yamehamia kwenye simu, na stakabadhi ya karatasi yenye jina imepisha ujumbe mfupi unaoonyesha jina la mwenye simu iliyotuma. Mabadiliko haya madogo yamekuwa na faida ambayo haikukusudiwa: mke anayelipa kodi kutoka kwenye simu yake sasa ana ushahidi kwa jina lake, jambo ambalo mkataba wa zamani haukumpa.

Wenye nyumba nao walikuwa na upendeleo wao, na upendeleo huo uliwafaa wanandoa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza alihesabiwa kuwa mpangaji wa kelele, anayehama bila taarifa Desemba. Mume na mke walihesabiwa kuwa watu wa kutulia. Kwa sababu hiyo keateka aliuliza kama wageni wake wameoana, na wachache waliombwa hata cheti, ingawa ndoa nyingi nchini Kenya zilifungwa kimila bila karatasi yoyote hadi Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilipotaka ndoa za kimila nazo ziandikishwe. Kwa namna hii swali la kikoloni, la mwanamke huyu ni nani kwako, liliendelea kuulizwa mlangoni, safari hii na Mwafrika kwa Mwafrika mwenzake.

Kitengela, mji wa pili wa wapangaji katika kaunti hiyo, ulifuata njia tofauti. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, yenye takriban hekta 18,000, iligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988, na miaka miwili baadaye mamlaka ya maeneo ya viwanda vya mauzo ya nje ilianzishwa, ikajenga eneo lake kuu jirani tu, Athi River, ambako kiwanda cha saruji kilikuwepo tangu miaka ya 1950. Wapangaji wa mwanzo wa Kitengela walikuwa wafanyakazi wa viwanda hivyo, na mwanafunzi alifika baadaye, akivutwa na kodi nafuu na Barabara ya Namanga. Mwaka 2000 wamiliki wa ardhi kusini ya mbuga walianza kulipwa dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge wala wasizungushe uzio, na malipo hayo yalitolewa kwa awamu tatu, yakilingana na nyakati za kulipa karo za shule. Inasikitisha kwamba wazo hilo la busara, la kuisomesha familia kwa kuiacha nyasi isimame, halikuweza kushindana na bei ya ploti. Juni 2012 simba sita waliouawa na wakazi waliokasirishwa na kuuawa kwa mifugo yao walionyesha jinsi mji, boma na mbuga vilivyokuwa vimebanana.

Sensa zinatoa kipimo cha kasi ya ukuaji wa eneo hilo. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009 na 1,117,840 mwaka 2019. Katika sensa hiyo ya pili Ongata Rongai pekee ilikuwa na zaidi ya watu 170,000, na Kitengela zaidi ya 150,000, idadi ambazo zinazidi za miji mingi yenye hadhi kubwa zaidi kiserikali. Idadi hii yote iliingia katika miji ambayo serikali yake ya kaunti ilizaliwa mwaka 2013 tu, ikirithi kutoka Ol Kejuado barabara chache, mabomba machache zaidi, na maelfu ya ploti zilizokwisha kujengwa.

Sheria imewaacha wanandoa wanafunzi katika nafasi ya ajabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 31, bado inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au fedha za kutosha kodi, ikiwa ni mrithi wa kanuni ile ya kikoloni, lakini mwanafunzi hana mwajiri. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya mwaka 1959 inampa mpangaji baraza maalumu la kusikiliza malalamiko yake, linaloweza kuamua kodi halali na ambalo bila amri yake mpangaji hafukuzwi, lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bei zimepanda hata kiasi hicho hakitoshi tena kwa bedsita ya Rongai, na hivyo mume na mke wanaonyimwa amana yao siku ya kuhama, au wanaoongezewa kodi katikati ya muhula, hubaki na mahakama za kawaida, ambazo ada na muda wake vinazidi thamani ya kinachodaiwa. Wengi huhama kimya kimya.

Kwa hiyo jambo la kwanza linalopaswa kufanywa na Bunge ni kukipandisha kikomo hicho cha shilingi 2,500 hadi kiwango kinachozigusa nyumba ambazo watu wa kipato kidogo hukaa kweli leo, na kukifungamanisha na bei ili kisizeeke tena. La pili liko mikononi mwa vyuo vyenyewe: chuo kinachompokea mwanafunzi wa uzamili mwenye mke au mume, na kutoza karo yake kwa ukamilifu, kinaweza bila gharama kubwa kuweka orodha ya nyumba za Rongai na Kitengela ambazo maji, mita na mikataba yake vimekaguliwa, na kuituma pamoja na barua ya kukubaliwa, ili wanandoa wasifike stendi Jumamosi asubuhi wakiwa na siku mbili za kuamua. Nyumba za familia zilizojengwa Karen miaka ya 1980 zinathibitisha kwamba chuo kinaweza kufanya hata zaidi ya hapo kikitaka.